Nimeuza hema na meza, lakini bado sijajua kukaa nyumbani

Gunia la Mawe, Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wenzangu. Nyuzi za kuanzisha biashara ya vinyago na vikapu zimejaa humu: namna ya kupata nafasi katika maonyesho, namna ya kupanga bei, namna ya kuzungumza na mtalii asiyetaka kununua. Wa kuiacha biashara hiyo sijauona hata mmoja, kwa hiyo naufungua mimi. Niliacha mwezi wa Februari, na hadi leo gari likipunguza mwendo karibu na lango letu alfajiri, mimi huwa nimeshakaa kitandani nikipapasa viatu.

Kwa wasionifahamu, nilianza mwaka 2006 kuuza mawe ya Kisii, yale mawe laini ambayo vitabuni huitwa mawe ya sabuni. Niliyanunua Tabaka, kule Kisii, yakiwa mabichi, kwa maana kwamba yamechongwa umbo lakini hayajapigwa msasa, nikayaleta Nakuru, ambako mama wawili jirani zetu waliyasugua ndani ya mabeseni ya maji, msasa wa kukwaruza kwanza na ule laini mwisho, hadi kidole kisisikie tena alama ya patasi. Kukausha kivulini, kupaka rangi, kuchora mapambo na kung'arisha kwa nta ilikuwa kazi yangu. Baada ya hapo ni barabara.

Mwaka niliuhesabu kwa miji. Machi ilikuwa Eldoret. Julai ilikuwa Nakuru kwenyewe, maonyesho pekee ambayo jioni nililala kwangu. Kisha Kisumu kupitia Kericho, halafu Mombasa kati ya Agosti na Septemba, halafu Jamhuri Park jijini Nairobi, na mwaka ukielekea ukingoni, Kitale. Mara mbili nilivuka mpaka kwenda kwenye maonyesho ya Jua Kali ya Afrika Mashariki, yale yaliyoanzia Arusha mwaka 1999 na ambayo huhama kutoka nchi moja hadi nyingine.

Wiki isiyo na maonyesho nayo ilikuwa na njia yake. Alhamisi jioni nilishuka Nairobi na magunia mawili, Ijumaa nikatandika katika Soko la Wamasai pale Village Market, Jumamosi kwenye uwanja wa kuegesha magari karibu na Mahakama Kuu, Jumapili kwenye jengo la maduka la Yaya, na Jumatatu nikarudi Nakuru kununua nta na kulala. Msomaji anayetoka magharibi ameshaona kasoro ya ratiba hiyo. Kwetu Vihiga watu huzikwa Ijumaa na Jumamosi, huoana Jumamosi na huabudu Jumapili, yaani siku zilezile ambazo mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza nikimweleza mgeni kwamba yule kiboko wa rangi ya waridi hakupakwa chochote, jiwe lenyewe huchimbwa likiwa hivyo. Nimezika shangazi wawili, mjomba na rafiki yangu wa shule kwa kutuma pesa kwa simu. Mchango wangu ulisomwa mbele ya watu, nami sikuwapo kusikia ukisomwa.

Sikuacha kwa sababu ya hasara, ingawa faida ilikuwa imekonda. Mwaka 2020 maonyesho yalifungwa kwa ajili ya korona tukakaa na mali ndani. Tuliporudi tulikuta nauli ya mzigo imepanda, na kila kaunti tuliyoingia ilikuwa na risiti yake. Hayo niliyazoea. Kilichoniondoa ni mgongo. Kila jiwe huviringishwa katika majani makavu ya migomba na kushindiliwa ndani ya gunia, na kwa miaka mingi magunia hayo niliyainua mwenyewe kwa kuogopa kwamba vijana wa kupakia wangeyatupa. Mwaka jana, katika kituo kimoja cha matatu, niliinua moja nikabaki nimeinama, na abiria mmoja akadhani natafuta sarafu iliyoanguka, akainama kunisaidia kuitafuta.

Sasa niwaeleze nilivyofunga, kwa sababu huenda ikamfaa mtu. Hema la mita 3 kwa 3 na meza 4 za kukunja ziliondoka kwa siku moja. Vifaa vya safari havikosi mnunuzi. Mali yenyewe ilikuwa vipande kama 640, na hapo ndipo nilipokosea. Kiasi fulani nilikiuza kwa bei ya jumla kwa watu wenye vibanda vya barabarani, wakalipa taslimu, bei ya chini lakini pesa ya kweli. Vipande 200, vikiwamo seti za bao na za sataranji ambazo ndizo zilikuwa na thamani, nilimpa mfanyabiashara mmoja tuliyefahamiana miaka mingi, kwa ahadi kwamba angelipa akishauza. Sitamtaja. Nimepokea kama theluthi moja, na simu yake sasa hupokelewa na mtoto. Anayefunga biashara hana tena silaha ya kudai, kwa kuwa mdaiwa anajua hutarudi kumletea mzigo mwingine. Uzeni kwa bei ya hasara mkononi kuliko kwa bei nzuri ya ahadi.

Jambo jingine ni kodi. Nilikuwa nimesajiliwa kulipa ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, ambayo Julai 2023 ilipanda kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, na nilidhani kuuza hema ndiko kufunga biashara. Sivyo. Kwa Mamlaka ya Ushuru mtu hubaki mfanyabiashara hadi aombe wajibu huo uondolewe katika akaunti yake, na kabla ya hapo anapaswa kuendelea kuwasilisha taarifa hata kama ni ya sifuri.

Kitu pekee nilichobakiza, ukiacha vipande 11 vilivyo kabatini, ni daftari la wateja. Lina majina, miji, aina ya bidhaa waliyopenda na alama zangu ndogondogo ambazo ni mimi tu ninayeweza kuzisoma. Nimelihifadhi kwa kumbukumbu.

Basi niko nyumbani. Mke wangu ni fundi wa kushona na nyumba yetu inakwenda kwa mwendo wa cherehani yake: saa mbili hadi saa saba kelele, saa saba kimya, saa tisa kelele tena. Wiki ya kwanza nilipanga upya rafu za jikoni. Vitu virefu niliviweka nyuma, vifupi mbele, vya rangi kali katikati ambapo jicho hutua kwanza, kama tunavyopanga meza. Hakusema neno. Kesho yake asubuhi kila kitu kilikuwa kimerudi kilikokuwa, na chai yangu ilikuwa mezani. Nikienda mjini narudi na mkate, kila mara, na juzi tulikuwa na mikate mitatu ndani. Mkoba wangu wa safari ungali umefungwa nyuma ya mlango, na ndani yake mna taulo, sabuni na shati moja. Nikitaka shati lile nalitoa humo, nikimaliza linafuliwa na mimi mwenyewe nalirudisha humo.

Ninauliza waliotangulia. Ilichukua muda gani? Na siku ya Alhamisi jioni, mwili unapojua kwamba ni wakati wa kuondoka, mlifanya nini?

Abiria, Naivasha

Mzee, piga picha uziweke mtandaoni. Siku hizi hema si lazima. Mgongo utapumzika na pesa zitaendelea kuingia.

Chungu cha Ilesi, Kakamega

Mzee, pole na karibu nyumbani. Ninakujibu nikiwa mke, kwa maana nimeona waume wanaorudi huandika, ila wake waliokuwako nyumbani hawaandiki.

Mume wangu alisafirisha vyungu vya hapa Ilesi kwa zaidi ya miaka 20. Aliyepita barabara ya Kakamega kwenda Kisumu ameviona vikiwa vimepangwa kando ya lami: vya maji, vya kupikia mboga, vya maua. Yeye alivipeleka Kisumu, Eldoret na huko kwenu Nakuru. Machi 2020 alirudi akasema anakaa wiki mbili tu, mpaka mambo yatulie. Mambo yalipotulia gari lake la kukodi lilikuwa limeuzwa na mwenye gari, na vyungu haviendi kwa miguu, basi akabaki.

Mwezi wa kwanza alikagua nyumba kama mtu anayeingia kwenye stoo baada ya mlinzi kulala. Aliuliza mbona sukari imeisha kabla ya mwisho wa wiki. Nilimwambia kwamba hata alipokuwa Eldoret ilikuwa ikiisha, ila haikumuaga. Alikuwa na tabia ya kugonga chungu kwa kifundo cha kidole ili asikie kama kina ufa, na nakwambia kweli, aliwahi kugonga sufuria zangu zote, moja baada ya nyingine, kisha akaninong'oneza kwamba ile kubwa si nzuri. Sufuria ya alumini.

Ninachotaka ukielewe ni hiki. Nyumba ilijifunza kukaa bila wewe kwa sababu ililazimika. Mkeo alijua ni nani wa kuitwa paa likivuja usiku, na jina lako halikuwa kwenye orodha hiyo, si kwa chuki, ulikuwa tu mbali. Sasa umekuja unapanga rafu. Unapanga kwa macho ya mnunuzi, lakini yeye anapika bila kuangalia. Mkono wake unajua chumvi iko wapi. Usipange kitu. Omba utumwe. Mume wangu alianza kwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kusafisha tangi la maji, na baadaye akawa ndiye wa kwenda dukani. Siku ya kwanza alirudi bila chumvi nikamkemea mbele ya watoto kama ninavyowakemea wao, naye akacheka akarudi dukani. Mimi naihesabu siku hiyo kuwa ndiyo aliyorudi nyumbani, ingawa mwili ulikuwa umekuja miezi minane kabla.

Kuhusu mkoba, usiufungue kwa nguvu. Wa kwetu ulifunguliwa na panya.

Gunia la Mawe, Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Dada, nimemsomea mke wangu maneno yako ya sufuria, akasimamisha cherehani ili acheke vizuri. Amesema nikuulize tangi husafishwa mara ngapi.

Ndugu Abiria, asante. Nililijaribu hilo mwaka 2020 wakati tulipokuwa tumefungiwa. Jiwe ni zito na ni laini kwa pamoja, na ubaya huo mwenye kuuza kikapu haujui. Ukilituma peke yake, nauli yake inakaribia bei yake. Likigongana na mwenzake, sikio la tembo linakatika, na mnunuzi anataka kurudishiwa pesa kwa tembo asiye na sikio. Nilituma vipande kumi na vitano, vinne vikafika vimevunjika. Isitoshe, mimi sitafuti njia ya kuendelea.

Gugumaji Kavu, Kisumu

Nami nisogeze kiti. Ninasuka vikapu, mikeka na vifuniko vya meza kwa gugumaji la Ziwa Victoria, hapa karibu na Dunga. Gugumaji lilipovamia upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilifunga njia za mitumbwi na likawanyima wavuvi riziki, baba yangu akiwa mmoja wao, na mama yangu alililaani hadi siku alipoonyeshwa kwamba shina lake likikaushwa vizuri linasukika. Kwa hiyo mmea uliomwondoa baba ziwani ndio ulionilipia karo. Nasema hivi ili mjue kwamba silichukulii jambo la kuacha kwa wepesi.

Nilizunguka na bidhaa zangu miaka 12, kisha mwaka 2022 nikaacha kuzunguka, lakini sikuacha kusuka. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe, Mzee. Umekata mti mzima wakati ulihitaji kupunguza tawi moja. Safari na kazi ya mkono ni vitu viwili, na mgongo umekukataza kimoja tu. Kung'arisha jiwe dogo ukiwa umeketi kivulini hakuhitaji gunia. Una kipaji cha kuchora juu ya jiwe, una wateja ndani ya daftari, na mwanao au jirani anaweza kukupelekea kifurushi kwenye kituo cha matatu. Mimi wanunuzi hunijia nyumbani, na ninayemjua Nakuru humtumia vikapu kumi kwa gari la usiku kwa nauli ndogo.

Ila nikuonye kuhusu nyumba, kwa sababu nilifanya kosa hilo. Shina la gugumaji lisipokauka kabisa huota ukungu, na msimu wa mvua nilijaza mashina chumbani, kisha sebuleni, kisha juu ya kitanda cha wageni. Harufu iliingia kwenye mapazia. Watoto walianza kukohoa. Barabarani biashara ilikuwa na mwisho: unakunja turubai, unaondoka. Nyumbani haina jioni. Wageni wakija saa tatu usiku kuangalia vikapu, chakula kinapoa, na mimi nilikuwa napokea simu hata nikiwa maombini. Sasa nina kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na saa kumi na moja nafunga mlango wake kwa kufuli. Kufuli lile lilinigharimu shilingi 350 na sijanunua kitu kingine chenye faida kama hiyo.

Gunia la Mawe, Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Dada wa Kisumu, nimeyatafakari maneno yako siku mbili kabla ya kujibu. Huenda kwako inawezekana kwa sababu ulianza kwa mikono. Ulikuwa msusi kwanza, mchuuzi baadaye. Mimi nilikuwa mchuuzi tangu mwanzo. Kuchora nilijifunza ili bidhaa ipate bei. Ninachokikosa ni ile saa ya kwanza asubuhi ya maonyesho, kabla lango halijafunguliwa, turubai likiwa na umande, na jirani wa kulia ambaye hamjaonana tangu mwaka jana anakuuliza kama una kamba ya akiba. Nikibaki na jiwe mkononi bila hiyo, nitakuwa na vumbi tu. Na vumbi la jiwe lile tunalijua sote linavyokaa kifuani.

Nimejaribu jambo moja dogo. Alhamisi jioni sasa natembea kwa miguu hadi mahali panapoonekana ziwa, kisha narudi. Sipandi gari lolote.

Patasi, Tabaka

Mzee, mimi si yule uliyekuwa ukinunua kwake, lakini ningeweza kuwa yeye, kwa hiyo nakuuliza kwa heshima. Umetueleza habari za hema, meza, kodi, mdaiwa wako, mke wako na mkate. Mchongaji wako ulimwambia lini?

Gunia la Mawe, Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Nilimpigia simu katikati ya Januari, kama wiki tatu kabla ya kuacha. Alikuwa ameanza kunitengenezea vipande 60. Nilimweleza habari za mgongo wangu. Akasema, "Sawa, Mzee, pona haraka."

Patasi, Tabaka

Nilidhani itakuwa hivyo. Niruhusu nikufasirie hiyo "sawa."

Kipande unachokipokea kikiwa kibichi kimeshapita mikono mingi. Kuna waliochimba, na machimbo yetu yana hatari yake, hasa mvua ikinyesha, kwa maana shimo hujaa maji na kingo hulegea. Jiwe linunuliwe, libebwe, lipasuliwe kwa panga na msumeno, kisha ndipo patasi iingie. Huku kwetu kuchimba na kuchonga kwa kawaida ni kazi ya wanaume, na kusugua na kuosha ni ya wanawake, na kwa kuwa wewe ulinunua mabichi, wanawake wa Tabaka hawakupata shilingi yako, ila wale mama wawili wa Nakuru waliipata. Je, hao uliwaambia lini? Mnunuzi akiondoka, wa kwanza kukosa ni anayesugua, na yeye hapigiwi simu hata kidogo.

Mchongaji alipokwambia pona haraka, alikuwa ameshalipia jiwe la vipande 60. Hatakudai, kwa sababu mlikuwa marafiki na kwa sababu wewe ni mgonjwa. Ataviuza kwa anayepita kwa bei ya kokoto. Unamlalamikia mfanyabiashara aliyekunyima theluthi mbili ya pesa zako, na haki unayo. Lakini mchongaji wako akifungua uzi wake humu, atamwandika nani bila kumtaja jina?

Ya pili ni daftari. Umesema umelihifadhi kwa kumbukumbu. Mzee, kumbukumbu ni vile vipande 11 kabatini. Daftari lina watu ambao bado wananunua. Mwenye duka, tuseme kule Kitale, anayetaka viboko wadogo kila Desemba bado anawataka, na hajui wapi pa kuwapata, na mchongaji wako anaye kiboko mkononi asijue pa kumpeleka. Wewe umekaa katikati yao na mlango umeufunga, ufunguo uko mfukoni, kisha unatuuliza la kufanya Alhamisi jioni.

Nimesema kwa ukali. Nisamehe.

Chungu cha Ilesi, Kakamega

Ukali huo ulihitajika. Na tangi ni kila baada ya miezi mitatu.

Gugumaji Kavu, Kisumu

Naondoa ushauri wangu wa kuendelea na wateja. Patasi amesema kweli kuhusu daftari. Wa kufuli nabaki nao.

Gunia la Mawe, Nakuru (mwanzilishi wa uzi)

Imepita karibu wiki tatu. Sikukasirika, Patasi, ingawa siku ya kwanza nilikasirika.

Wale mama wawili nilianza nao kwa kuwa wako jirani. Mmoja ameshapata kazi ya kufua nguo katika nyumba mbili. Mwingine alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaniambia kwamba mwezi wa Februari wote alikuwa akiweka maji kwenye beseni kila Jumanne asubuhi, akifikiri nimechelewa tu. Sikuwa na la kusema. Nimempa msasa wote uliobaki na beseni lenyewe, jambo ambalo najua halitoshi.

Kisha nikapanda matatu kwenda Kisii na kutoka hapo Tabaka, mara yangu ya kwanza katika miaka 19 kwenda huko bila magunia matupu chini ya kiti. Mchongaji wangu hakuwa ameviuza vile vipande. Alivifunika kwa turubai nyuma ya jiko, 52 vikiwa vimekwisha. Nilimlipa gharama ya jiwe na nusu ya kazi, fedha nilizokuwa nimezitenga kwa kochi jipya, na vipande tukakubaliana kwamba ni vyake aviuze anavyotaka. Alinikaribisha ugali na mboga za kienyeji. Wakati tunakula aliniambia kwamba binti yake, ambaye mimi namkumbuka akiwa mtoto wa kufukuza kuku wasikanyage mawe yaliyoanikwa, sasa ana miaka 24 na amekuwa akipeleka bidhaa Kisumu mwishoni mwa wiki, akitandika chini kwa kukosa meza, na akiuza kwa wapita njia wasiorudi.

Nilikuwa nimelibeba daftari ndani ya ule mkoba wa safari. Nilipolitoa, binti hakulipokea mara moja. Aliangalia jalada, akaniuliza kama ni la deni.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Vihiga kumzika jirani wa mama yangu, nikiwa na miguu yangu na si kwa simu. Vijana walikuwa wanahangaika na hema, nguzo mbili zimeinama na upepo unaingia kutoka upande wa mto. Nilishika kamba bila kuombwa. Kwa robo saa lilikuwa limesimama, likakaa imara hadi jioni, na kabla jeneza halijateremshwa wazee wawili walikuwa wameshaniuliza kama nitakuwapo Ijumaa ijayo kwa ajili ya matanga mengine. Nimeuza hema moja nikapewa mahema ya kata nzima. Mke wangu anasema afadhali hayo, kwa sababu hayapangwi jikoni.

Jana binti alikuja Nakuru na daftari, kwa sababu ameshindwa kusoma alama. Tuliketi barazani tangu saa nne. Nyota ni anayelipa taslimu. Mstari mmoja ni anayebishana lakini hununua mwishowe. Mistari miwili ni anayebishana na kuondoka, usipoteze muda wako kwake. Duara ni mwenye duka, mpelekee mapema kabla ya Desemba. Msalaba aliudhania kuwa ni waliokufa, kumbe ni wanaotaka jiwe jeupe lisilopakwa rangi. Kwenye ukurasa wa Eldoret kulikuwa na alama moja ambayo hata mimi sikuikumbuka, nikamwambia awapigie aulize. Saa saba cherehani ilinyamaza, mke wangu akatokea mlangoni akasema chakula kiko tayari, na kwamba chumvi imeisha. Nilikwenda dukani. Nilirudi na chumvi, na mkate.